Pakeji: Zana ya Jeshi Iliyohamia Kwenye Daftari la Benki

Mwaka 1975 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliunda kikundi kazi cha kushughulikia jambo lililokuwa likiitia hasara na aibu kwa pamoja. Ndege zake, meli zake na makombora yake viliendeshwa kwa programu zilizoandikwa kwa lugha zisizohusiana hata kidogo, na lugha hizo zilipokuja kuhesabiwa zilizidi 450. Mkandarasi akimaliza kazi na kuondoka, aliondoka na ujuzi wa lugha ambayo pengine hakubaki mwingine wa kuisoma. Wizara ikaamua itafutwe lugha moja. Mahitaji yakaandikwa, yakakosolewa, yakaandikwa upya, na kila rasimu ikabatizwa jina la mtu aliyeumbwa kwa kitu kigumu kuliko yule wa kabla yake: wa kwanza alikuwa wa majani makavu, wa mwisho wa chuma cha pua.

Timu nne ziliingia kwenye mchujo. Zilipewa rangi badala ya majina ili waamuzi wasijue ni kampuni ipi imeandika nini: Kijani, Nyekundu, Buluu na Njano. Mei 1979 ushindi ulikwenda kwa Kijani, timu ya Mfaransa Jean Ichbiah wa kampuni ya CII Honeywell Bull. Lugha ikaitwa Ada, kwa heshima ya Ada Lovelace, Mwingereza wa karne ya 19 anayetajwa mara nyingi kuwa mwandishi wa kwanza wa programu. Waraka rasmi wa lugha hiyo ukapewa namba MIL-STD-1815, mwaka aliozaliwa bibi huyo, ukaidhinishwa tarehe 10 Desemba 1980, siku yake ya kuzaliwa. Wanajeshi nao wana mahaba yao.

Ada haikuiteka dunia. C.A.R. Hoare, katika hotuba ya kupokea Tuzo ya Turing Oktoba 1980, aliilaumu hadharani kwa kubebeshwa mambo mengi mno, akasihi isitumike kama ilivyo katika mitambo ambayo kosa lake ni maafa. Waandishi wengi wa programu waliipita wakaenda na lugha ya C. Hata hivyo kipande kimoja cha lugha ile kilipata maisha ya pili mahali ambapo hakuna aliyekitarajia: ndani ya hifadhidata, kwenye hesabu za mishahara, bili za maji na mikopo ya benki. Kipande hicho ni pakeji, yaani namna ya kuzikusanya prosija kadhaa (vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina kufanya kazi fulani) chini ya jina moja, kisha kuamua ni zipi mtu wa nje aruhusiwe kuziona.

Sehemu ya pili ya maelezo hayo, ile ya kuonekana na kutoonekana, ndiyo iliyobeba uzito wote. Kukusanya ni kazi nyepesi.

Hoja hiyo ilitangulia Ada kwa miaka kadhaa. Desemba 1972 David Parnas alichapisha makala fupi katika jarida la Communications of the ACM kuhusu vigezo vya kuigawa programu katika moduli. Alichukua mfano mdogo ambao kila mhandisi wa wakati ule angeuandika ndani ya wiki moja au mbili: programu ya kutengeneza faharasa. Programu hupokea mistari, mathalani vichwa vya vitabu, na kila mstari huzungushwa kwa kulihamisha neno la kwanza kwenda mwisho. "Historia ya Pwani" huzaa "ya Pwani Historia" na "Pwani Historia ya". Mizunguko yote hupangwa kialfabeti, na msomaji anaweza kukitafuta kitabu kwa neno lolote analolikumbuka.

Parnas aliigawa programu hiyo mara mbili. Mara ya kwanza aliigawa kama wengi walivyozoea, kwa kufuata hatua za kazi: moduli ya kusoma, ya kuzungusha, ya kupanga, ya kuchapa, na moja ya kuzisimamia nyingine. Unadhifu wake ni wa kuvutia, lakini moduli zote hizo zinajua jinsi mistari ilivyolazwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ukiamua kesho kuilaza kwa namna nyingine, utazifungua zote. Mara ya pili aliigawa kwa siri: kila moduli ikakabidhiwa uamuzi mmoja unaoweza kubadilika, iufiche, na wenzake wakaruhusiwa kuuliza maswali machache tu yaliyokubaliwa. Mahali pa kuhifadhi mistari pakawa siri ya moduli moja. Pakibadilika, inafunguliwa hiyo peke yake.

Watu wa lugha za programu waliichukua hoja hiyo kwa mikono miwili. Barbara Liskov na wenzake wa MIT waliijenga ndani ya CLU, Niklaus Wirth ndani ya Modula, na Ichbiah akaipa Ada sura iliyo kali kuliko zote: pakeji yenye sehemu mbili zinazokompailiwa kila moja kivyake. Sehemu ya kwanza ni tamko, linaloorodhesha kinachotolewa kwa watu wa nje. Ya pili ni mwili, wenye kazi yenyewe. Kwa jeshi mpango huu ulikuwa na maana ya kibiashara kabisa. Wakandarasi wawili katika majimbo mawili wangekubaliana juu ya matamko kwanza, kisha kila mmoja akaandika miili yake bila kumsubiri mwenzake.

Upande wa hifadhidata mambo yalikuwa yakienda njia nyingine. Edgar Codd wa IBM alichapisha mwaka 1970 nadharia ya kuweka data katika majedwali yanayohusiana, na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, wakatoa lugha ya kuyahoji majedwali hayo, ile ambayo leo inaitwa SQL. Lugha hiyo husema unataka nini, haisemi ukitafuteje. Haikuwa na "kama hivi, basi vile", wala haikuwa na kurudia. Mantiki ya kazi, kwa mfano kwamba mteja mwenye deni la miezi mitatu asipewe mkopo mpya, ilikaa nje, katika programu za COBOL au PL/I zilizoiita SQL pale tu zilipohitaji data.

Wakati huo neno moduli lilikuwa limeshaingia kwenye viwango rasmi, ila kwa umbo ambalo leo ni wachache wanaolikumbuka. Kiwango cha kwanza cha SQL, cha mwaka 1986, kilikuwa na lugha ya moduli: faili lililokaa kando ya programu, lenye prosija ambazo kila moja ilibeba amri moja tu ya SQL. Programu ya COBOL ingeiita prosija kwa jina bila kuijua amri iliyomo. Kimaandishi mpango ulikuwa safi, lakini wengi walipendelea kuichomeka SQL katikati ya msimbo wao wakaendelea na kazi.

Msukumo wa kuihamishia mantiki ndani ya hifadhidata ulitoka kwenye nyaya. Katikati ya miaka ya 1980 maofisi yalianza kuweka kompyuta ndogo mezani na seva moja chumba cha nyuma. Kila swali lilisafiri kwenye mtandao uliokuwa mwembamba, na muamala wenye hatua kumi ulisafiri mara kumi kwenda na kurudi. Kampuni ya Sybase, iliyoanzishwa mwaka 1984 na Mark Hoffman na Robert Epstein, ilikuja mwaka 1987 na hifadhidata iliyoweka prosija ndani yake. Mtumiaji alituma jina la prosija na thamani ilizohitaji mara moja, hatua kumi zikafanyika hukohuko kwenye seva. Faida ya pili ilikuwa ya ulinzi: karani angeruhusiwa kuiita prosija ya kupokea malipo bila kuruhusiwa kuligusa jedwali la malipo.

Prosija zikizidi mia, mtu hutafuta namna ya kuzipanga. Sybase iliwapa watumiaji wake namba. Uliandika prosija ikaitwa malipo;1, nyingine malipo;2, nyingine malipo;3. Zote zikawa kundi moja, na amri moja ya DROP PROCEDURE malipo ilizifuta zote kwa mkupuo. Hapo ndipo faida ya kundi ilipoanzia, na hapo ndipo ilipoishia. Namba 2 haimwambii msomaji kitu. Prosija ya ndani, ambayo haikukusudiwa kuitwa na mtu yeyote isipokuwa wenzake wa kundini, iliitwa na yeyote mwenye ruhusa. Microsoft, iliyoshirikiana na Sybase kuitoa SQL Server yake ya kwanza mwaka 1989, ilirithi namba hizo pamoja na vingine vyote. Kwa miaka mingi sasa nyaraka zake zinawaonya wasomaji wasizitumie kwa kuwa zitaondolewa.

Hilo ni kundi lisiloficha kitu, na ndiyo maana halikumsaidia mtu sana.

Oracle ilichelewa. PL/SQL, lugha yake ya kuongeza mantiki juu ya SQL, ilitoka pamoja na toleo la 6 mwaka 1988, lakini haikuweza kuhifadhi prosija ndani ya hifadhidata. Uliandika kipande cha msimbo, ukakituma, kikaendeshwa, kikasahauliwa. Uwezo wa kuhifadhi ulikuja na Oracle 7 mwaka 1992, na ulipokuja ulikuja na triga (msimbo unaojiendesha data inapobadilika) na pakeji kwa mkupuo mmoja. Kwa upande wa pakeji, aliyechelewa akawa amewapita waliomtangulia.

PL/SQL ni mtoto wa Ada, na wala hafichi ukoo wake. Vipande vyake huanza na BEGIN na kuisha na END, thamani huwekwa kwa alama ya :=, na makosa hukamatwa katika sehemu ya EXCEPTION, yote kama kwa mama yake. Ada ina pakeji ya msingi iitwayo Standard, na Oracle inayo STANDARD yake, ambamo majina ya kila siku kama TO_CHAR na NO_DATA_FOUND yametangazwa. Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo ndani kabisa ya kompaila. Kabla ya kuugeuza msimbo kuwa amri za kuendeshwa, kompaila ya PL/SQL huusuka uwe mti wa muundo uitwao DIANA. Jina hilo ni kifupi cha mfumo wa maelezo uliobuniwa mahsusi kwa ajili ya Ada, kwa kuunganisha kazi ya chuo kikuu cha Carnegie Mellon na ile ya Karlsruhe, Ujerumani. Katika matoleo ya mwanzo mti huo ulikuwa na ukomo mdogo, vifundo 32,768, na aliyeandika pakeji ndefu kupita kiasi alikataliwa kwa kosa PLS-00123, kwamba programu yake ni kubwa mno. Kuanzia Oracle 8i ukomo wa miili ya pakeji ulipandishwa hadi vifundo 67,108,864. Kwa njia hiyo mhasibu wa bili za maji alijikuta akigombana na kanuni zilizoanza kama shughuli ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani.

Tamko la pakeji ya mikopo, kwa ufupi wake wote, linaweza kuwa hili:

CREATE PACKAGE mikopo AS
  FUNCTION salio (namba NUMBER) RETURN NUMBER;
  PROCEDURE pokea_rejesho (namba NUMBER, kiasi NUMBER);
END mikopo;

Mistari minne. Mwili wake unaweza kuwa na mistari elfu tatu: prosija za kukokotoa riba, za kukagua kama mkopo umeshafungwa, za kuandika kumbukumbu ya nani alifanya nini na saa ngapi. Mtu wa nje anaiona salio na pokea_rejesho tu. Ni kama mteja wa duka la mtaani lenye dirisha la wavu: anataja anachotaka, anapokea, na namna mwenye duka alivyopanga rafu zake haimhusu. Mwandishi mwingine akijaribu kuiita prosija ya riba moja kwa moja, kompaila itamjibu kwamba kitu hicho hakijatangazwa.

Kwa nini jambo hili lilikuwa na thamani kubwa zaidi ndani ya hifadhidata kuliko nje yake? Kwa sababu hifadhidata hukumbuka. Programu ya kawaida hukompailiwa, ikatoka faili, yakaisha. Oracle, kwa upande wake, huandika katika kamusi yake ya ndani kila kitu kinachotegemea kingine. Prosija ya ripoti ya mwezi ikiiita prosija ya salio, uhusiano huo umeandikwa. Katika matoleo ya zamani, siku prosija ya salio ilipobadilishwa, hata kwa herufi moja tu ndani yake, Oracle iliibandika ripoti alama ya INVALID, nayo ikalazimika kukompailiwa upya kabla ya kutumika. Na kilichoitegemea ripoti nacho kilipigwa alama, na kilichofuata nacho. Katika mfumo wenye prosija elfu mbili zinazoshikana, kugusa moja iliyo chini kabisa kulimaanisha kuamka asubuhi na kukuta mia tano zimekufa. Kila moja ilifufuliwa ilipoitwa mara ya kwanza, na waliongoja walikuwa watumiaji.

Pakeji iliukata mnyororo huo. Wanaoitegemea hutegemea tamko lake, si mwili wake. Fundi anaweza kuifumua hesabu yote ya riba na kuisuka upya, akaukompaili mwili, na hakuna kitu hata kimoja nje ya pakeji kitakachopigwa alama. Hoja ya Parnas ya mwaka 1972 ilikuwa imepata mahali ambapo kuipuuza kunaonekana kwa macho na kunapimika kwa dakika.

Habari ikawafikia walimu. Steven Feuerstein, aliyewahi kufanya kazi Oracle, alichapisha mwaka 1995 kitabu kinene cha PL/SQL kilichokuja kuwa msahafu wa fani hiyo, na mwaka uliofuata akatoa kingine, kizima, kuhusu pakeji peke yake. Tom Kyte, aliyekuwa akijibu maswali ya watumiaji wa Oracle kwa niaba ya kampuni hiyo, alirudia kwa miaka mingi ushauri uleule: msimbo wa kazi halisi uwekwe kwenye pakeji, prosija za pekee zibaki kwa majaribio. Oracle yenyewe ilifanya hivyohivyo, na vifaa inavyovigawa pamoja na hifadhidata yake vikaja vikiwa pakeji: DBMS_OUTPUT ya kuandika ujumbe, UTL_FILE ya kusoma na kuandika mafaili, na mamia mengine. Mifumo mikubwa ya biashara ilifuata. Flexcube, mfumo wa kibenki uliozaliwa India katika kampuni tanzu ya Citicorp na baadaye kununuliwa na Oracle, umejaa pakeji, na benki za Afrika Mashariki ni miongoni mwa wateja wake.

Sifa zote hizo zina gharama zake, na mafundi wa zamu wanazijua zaidi ya waandishi wa vitabu.

Pakeji hupandishwa kwenye kumbukumbu ikiwa nzima. Ukiita kitu kimoja kidogo ndani yake, Oracle hujiandaa kwa pakeji yote, jambo linaloharakisha miito inayofuata lakini linalodai nafasi. Katika miaka ya 1990, seva zenye kumbukumbu ya megabaiti mia chache zilitoa kosa ORA-04031, kwamba nafasi ya kutosha haikupatikana, wakati mwingine si kwa sababu nafasi imekwisha bali kwa sababu imekatikakatika. Wasimamizi walijifunza kuzibana pakeji kubwa kwenye kumbukumbu mara tu baada ya kuwasha seva, kwa pakeji nyingine iitwayo DBMS_SHARED_POOL. Naam, pakeji ya kutunza pakeji.

Kisha kuna vigeu. Pakeji inaweza kuwa na vigeu vyake, na kila mtumiaji aliyeunganishwa hupata nakala yake inayodumu hadi atakapokata muunganisho. Waandishi walivipenda: unasoma viwango vya kodi mara moja, unaviweka pale, huvisomi tena. Sasa fikiria fundi aliyegundua kosa akaamua kuweka mwili mpya saa sita mchana, benki ikiwa imejaa wateja. Vigeu vya kila karani vilikuwa mali ya mwili wa zamani, na mwili huo haupo tena. Karani anabonyeza kitufe, skrini inamjibu ORA-04068: hali iliyokuwepo ya pakeji imetupwa. Akibonyeza tena, inafanya kazi. Lakini makarani mia mbili wakiona kosa hilo kwa wakati mmoja, simu ya chumba cha kompyuta haipumziki, na wala hakuna kilichoharibika. Desturi ya kuweka mabadiliko usiku wa manane, inayowachosha wengi hadi leo, ilitiwa nguvu sana na namba hiyo. Oracle ilitoa dawa mwaka 2009 katika toleo la 11g la pili, kwa kuruhusu matoleo mawili ya msimbo uleule kuishi pamoja ndani ya hifadhidata moja. Ni dawa nzuri, ila inadai mfumo wote uandaliwe mapema kwa ajili yake.

Ruhusa nazo hutolewa kwa jumla. Huwezi kumruhusu karani aiite salio halafu umzuie pokea_rejesho iliyo kwenye pakeji ileile. Ama anapewa pakeji yote, ama hapewi. Ukitaka kutenganisha, unaandika pakeji mbili. Zaidi ya hapo, pakeji kwa kawaida hutumia mamlaka ya aliyeiandika, si ya anayeiita. Ndiyo faida iliyomvutia kila mtu tangu enzi za Sybase, na ndiyo iliyogeuka mlango. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtafiti wa usalama David Litchfield alionyesha tena na tena jinsi pakeji zilizokuja na Oracle, zikimilikiwa na mtumiaji mkuu na kuruhusiwa kwa watu wote, zilivyoweza kudanganywa kwa maandishi yaliyotungwa kwa hila hadi mtu wa chini akapata mamlaka ya msimamizi. Wavu wa dirisha haukusaidia kitu ikiwa mwenye duka anatekeleza kila anachosomewa.

Kwenye viwango rasmi, mwaka 1996 kamati ya kimataifa ilitoa SQL/PSM, sehemu ya kiwango cha SQL inayohusu prosija na moduli zinazokaa ndani ya hifadhidata. Amri ya CREATE MODULE imo humo, na Jim Melton, mhariri wa kiwango hicho, alikiandikia kitabu cha maelezo mwaka 1998. Tatizo ni kwamba Oracle tayari ilikuwa na wateja waliokwisha kuandika mamilioni ya mistari kwa njia yake, na Sybase na Microsoft walikuwa na njia yao. Waliokuja kuitii amri hiyo walikuwa wachache, kama Mimer ya Sweden. IBM ilisubiri hadi mwaka 2009, ilipotoa DB2 toleo la 9.7 lenye moduli, na toleo hilohilo likajifunza kusoma PL/SQL. Kusudi la hilo la pili halikuhitaji ufafanuzi: wateja wa Oracle walikuwa wakikaribishwa kuhama.

Wengine waliamua kwamba skima, yaani chumba chenye jina ndani ya hifadhidata, inatosha. Microsoft ilizitenganisha skima na majina ya watumiaji katika SQL Server 2005, na tangu hapo prosija za mishahara zinaweza kukaa kwenye skima ya mishahara na za ghala kwenye ya ghala. Kabla ya hapo watu walipanga kwa viambishi vya majina, na wengi waliiga kiambishi sp_ walichokiona kwenye prosija za mfumo, bila kujua kwamba jina lenye mwanzo huo huifanya seva ikatafute kwanza kwenye hifadhidata kuu. MySQL ilipata prosija mwaka huohuo wa 2005, bila pakeji wala kitu kinachofanana nayo. Skima inapanga vizuri, ruhusa zake zinaweza kutolewa prosija kwa prosija, na hapo inaishinda pakeji. Lakini haina tamko na mwili, na kilichomo hakifichwi na kompaila.

Katika kipindi hichohicho hewa yenyewe ilikuwa imebadilika. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 Java, na baadaye Hibernate na Ruby on Rails, zilileta kizazi kilichoitaka hifadhidata iwe ghala la data tu, mantiki yote ikae kwenye programu iliyo mbele yake. Walikuwa na sababu za kweli: msimbo ulio ndani ya hifadhidata ni mgumu kuufanyia majaribio, haufuatiliki kirahisi na vyombo vya kutunza matoleo, na unamfunga mteja kwa muuzaji mmoja. Walichokikuta kazini ni kwamba mashirika yenye fedha hayakutupa pakeji zao. Hesabu iliyokaguliwa na wakaguzi kwa miaka kumi haiandikwi upya kwa sababu ya mtindo.

Pakeji zikaendelea kuzaliwa polepole kwingineko. Firebird, hifadhidata huria iliyotokana na InterBase, ilizipata katika toleo la 3.0 mwaka 2016, zikiwa na kichwa na mwili. MariaDB iliziingiza katika toleo la 10.3 mwaka 2018, pamoja na hali maalumu ya kuielewa lugha ya Oracle.

PostgreSQL haijazikubali. Ina skima tangu toleo la 7.3 la mwaka 2002, na tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011 ina amri ya kufunga vitu kadhaa katika kiendelezi kimoja kinachosakinishwa na kuondolewa kwa pamoja. Lugha yake ya prosija, PL/pgSQL, iliyoandikwa na Jan Wieck na kutoka mwaka 1998, inafanana na PL/SQL kiasi kwamba ukurasa mmoja unaweza kukudanganya. Kampuni ya EnterpriseDB huuza toleo lake la PostgreSQL lenye pakeji kamili, lakini PostgreSQL yenyewe, ile ya bure, haina. Na hiyo ya bure ndiyo inayokimbiliwa na mashirika yaliyochoshwa na ada za leseni.

Kwa hiyo kazi ya kuhama imekuwa ufundi unaojitegemea. Mfaransa Gilles Darold aliandika Ora2Pg, chombo cha bure kinachoisoma hifadhidata ya Oracle na kutoa msimbo wa PostgreSQL. Kila pakeji hugeuka skima: mikopo.salio ya Oracle inabaki mikopo.salio, na programu zilizoiita hazihitaji kuguswa. Kiendelezi kingine, orafce, kinaleta DBMS_OUTPUT na UTL_FILE za kuigiza, nazo zikiwa skima. Mpaka hapo kazi inakwenda vizuri. Kisha fundi anafika kwenye zile prosija za mwilini ambazo hazikutangazwa, anakuta zimekuwa za wazi kama nyingine, na inambidi azinyang'anye ruhusa moja baada ya nyingine kwa mkono. Anafika kwenye vigeu, ambavyo PostgreSQL haina mahali pa kuviweka, anavigeuza kuwa mipangilio ya muunganisho inayosomwa kwa current_setting kama maandishi, tarehe na namba zote zikiwa maandishi. Mwisho anakutana na kile kipande kilicho chini kabisa ya mwili wa pakeji, chenye BEGIN isiyo na jina, kinachojiendesha chenyewe mara moja mtumiaji anapoigusa pakeji kwa mara ya kwanza. Skima haigusiki kwa namna hiyo, haina mara ya kwanza. Kipande hicho huwa na mistari michache tu, aghalabu kiliandikwa na mtu aliyekwisha kustaafu, na lazima mtu akae akisome aelewe kilikuwa kikiandaa nini.